Tableti 31 za mwaloni: kisa cha kuhamishia mfumo huria kwenye vifaa vilivyochoka

Kisa hiki kilitokea Mwanza kati ya Machi 2024 na Juni 2025. Walioshiriki wamesoma rasimu na kuridhia itoke. Majina yao nimeyaondoa, pamoja na jina la shule, la mradi uliotoa tableti na la kampuni iliyozitengeneza. Mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha. Watu watatu nitawaita kwa shughuli zao: Mwalimu, anayefundisha kompyuta sekondari, Fundi, mwenye meza ya kutengeneza simu katikati ya jiji, na Dogo, mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili, ambaye sote tulimwita hivyo hadi mwenyewe akazoea. Mimi nilikuwa mratibu, yaani mnunua bando, mbeba maboksi na mjibu barua pepe.

## Usuli

Tableti zilianzia mwaloni, yaani ufukweni inaposhushwa samaki. Kulikuwa na mradi wa kukusanya takwimu za uvuvi, na kila mwandishi wa takwimu alipewa tableti ya inchi 8 ya kuandikia mitumbwi iliyorudi, ndoo za dagaa, kilo za sangara na sato. Mradi ukaisha. Tableti zikakaa stoo miaka, mpaka mtu mmoja mwenye roho nzuri akaona ni heri ziende shuleni kuliko kutupwa. Zilikuwa 31. Fundi alipofungua za kwanza alikuta magamba ya dagaa ndani ya tundu la chaji, akasema, "Hizi zimevua kweli."

Nne hazikuwaka. Betri zilikuwa zimevimba mpaka kioo kimebinuka, kwa hiyo zikawa vipuri. Zilizobaki 27 ziliwaka vizuri tu, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipoonekana. Zilikuwa na Android 5.1, toleo la mwaka 2015, juu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, ya Linux 3.10 iliyotoka 2013 na kuacha kutolewa marekebisho tangu 2017. Ukifungua ukurasa wa intaneti, mara nyingi unakutana na onyo kwamba muunganisho si salama. Chanzo ni vyeti vya kidijitali, vinavyoithibitishia tableti kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa. Tovuti nyingi siku hizi hutumia vyeti vya Let's Encrypt, na Android za kabla ya toleo 7.1.1 haziutambui mzizi wa vyeti hivyo, yaani cheti kikuu kinachovidhamini. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na njia ya mzunguko iliyoziwezesha kuviamini, lakini njia hiyo ilifika ukomo mwaka 2024, mwaka huohuo tuliopokea boksi. Programu nyingi tulizotaka nazo zilikuwa zimepandisha masharti na kukataa kuingia. Mwanafunzi hajui habari za vyeti. Kwake tableti ni mbovu, basi.

Ndani mlikuwa na chipu ya Qualcomm MSM8916, ile iliyouzwa kwa jina la Snapdragon 410. Hiyo ilikuwa bahati. Kuna mfumo huria, yaani ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha, uitwao postmarketOS, ulioanza 2017 juu ya msingi wa Alpine Linux, unaolenga kuvipa vifaa vya mkononi maisha marefu kwa kutumia, inapowezekana, kerneli ya Linux ya sasa badala ya ile ya zamani ya mtengenezaji. Chipu yetu ni miongoni mwa zile ambazo wajitoleaji wameshazishughulikia sana. Tatizo ni kwamba tableti yetu yenyewe haikuwa kwenye orodha yao.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana ndipo wengi huchanganya. Chipu ikijulikana haina maana kwamba kifaa kinajulikana. Bodi mbili zenye chipu ileile zinaweza kutofautiana kila kitu kinachoizunguka: mguu upi wa chipu unawasha upya tachi, umeme wa kioo unatoka njia ipi, kitufe cha sauti kimeungwa wapi. Kwenye kompyuta za mezani kerneli hujiulizia mengi ya hayo yenyewe. Kwenye simu na tableti haiwezi, kwa hiyo lazima iandikiwe faili la maelezo linaloitwa mti wa vifaa. Kwetu sisi, kuhamisha mfumo kulikuwa hasa kuandika faili hilo, mistari mia mbili na kitu, na kuthibitisha kwamba kila mstari ni wa kweli.

## Ahadi

Mei, Dogo alifanikiwa kuwasha mfumo mpya kwa mara ya kwanza. Kiooni palitokea herufi nyeupe juu ya weusi, hakuna tachi, hakuna waifai, lakini ukiunga waya wa USB kwenye laptopu unaingia ndani kupitia anwani 172.16.42.1 na kuandika amri. Tulishangilia kama watu waliopata mtoto. Fundi akauliza, "Sasa?" Dogo akamjibu, "Sasa inawaka, kaka." Fundi akamtazama. "Hata mwanzo ilikuwa inawaka."

Wiki hiyohiyo mkuu wa shule alituita. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu: lini? Mwalimu alinitazama mimi, mimi nikamtazama Dogo, na Dogo, akiwa bado na furaha ya zile herufi nyeupe, akasema, "Mkuu, shule zikifunguliwa Januari zitakuwa tayari." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Juni, kwenye kikao cha wazazi, Januari ile ikatangazwa.

## Mambo yalivyokwenda

Nakala kabla ya yote. Machi, kabla ya kugusa chochote, tulichukua nakala za sehemu zote za kumbukumbu za tableti ya kwanza, na kwa kila tableti nyingine tukachukua zile zinazobeba vipimo vya redio na utambulisho wake. Tulitumia lk2nd, programu ndogo ya kuwashia iliyoandikwa kwa ajili ya chipu za Qualcomm za aina hii. Inakaa kati ya programu ya kuwashia ya kiwandani na kerneli, na inaweza kukuchotea sehemu yoyote ya kumbukumbu kupitia USB. Dogo alitaka kuruka hatua hii kwa sababu inachosha. Fundi ndiye aliyekataa: kwenye meza yake ameshaona simu nyingi zilizoflashiwa, yaani kupakiwa mfumo upya, bila nakala zikabaki hazina mtandao. Ilichukua Jumapili mbili.

Msimbo wa kiwandani. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na anayeuza kifaa chenye kerneli hiyo anawajibika kumpa mteja msimbo wake, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watu, akiuomba. Tuliomba mara tatu na hatukujibiwa. Ikabidi tuchukue nakala ya sehemu ya kuwashia tuliyoichota, tutoe ndani yake mti wa vifaa wa kiwandani uliokwisha geuzwa kuwa lugha ya mashine, na kuurudisha kuwa maandishi kwa programu ya dtc. Yanayotoka yanasomeka kwa taabu, majina mengi yamegeuka namba, lakini habari zimo.

Bando na umeme. Historia kamili ya msimbo wa Linux inazidi gigabaiti 2. Tulijaribu kuipakua usiku mmoja ikakatika njiani, tukaamua kuchukua furushi la toleo moja tu, takriban megabaiti 140 zilizobanwa. Laptopu ya Dogo ina RAM ya gigabaiti 4. Kujenga kerneli nzima kulichukua saa tatu na zaidi, na mara mbili umeme ulikatika katikati huku betri ya laptopu ikiwa marehemu siku nyingi. Wiki mbili zilipita hivi kabla hajagundua kwamba hakuhitaji kujenga kerneli kabisa. Mradi wa postmarketOS unatoa kerneli ya chipu hiyo ikiwa tayari. Alichotakiwa kujenga ni faili la mti wa vifaa peke yake, kazi ya sekunde chache. Nalitaja hili kwa sababu kila anayeanza hulipia somo hili, na huku kwetu hulilipa kwa bando.

Bodi iliyokufa. Juni tulihitaji kuona kerneli inasema nini sekunde za kwanza kabisa, kabla USB haijaamka. Njia ni kuunga nyaya nyembamba kwenye vinukta viwili vya bodi na kusoma maandishi kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Fundi alivipata vinukta hivyo kwa mita na kuchomelea nyaya kwa mkono usiotetemeka, kazi ambayo mimi nisingeithubutu. Adapta niliyonunua ya kuunga nyaya hizo kwenye laptopu ilikuwa ya volti 3.3. Njia hiyo kwenye MSM8916 hufanya kazi kwa volti 1.8. Maandishi yalitoka, tukafurahi dakika kumi hivi, kisha yakakoma, na tableti ile haikuwaka tena. Zikabaki 26. Kosa ni langu. Karatasi ya adapta ilisema 3.3 na mimi niliona ni tofauti ndogo.

Miezi minne ya kimya. Huu ndio mwamba wa kisa chote. Julai kioo kilikuwa na draiva yake, yaani programu ndogo ya kukiendesha, na kinaweza kuzimwa na kuwashwa. Tachi ilifanya kazi pia, lakini kwa masharti: kioo kikilala kisha kikaamka, tachi inakuwa imekufa mpaka uwashe tableti upya. Dogo aliamini kosa liko ndani ya draiva ya tachi. Akaanza kuibadilisha. Akabadilisha, akajaribu, akabadilisha tena, Julai, Agosti, Septemba, hadi Oktoba. Kila nilipomuuliza kama ameshawaonyesha watu wa postmarketOS, alisema, "Bado kidogo, bro. Nisiwapelekee kitu kibovu."

Baadaye aliniambia ukweli wote. Kiingereza chake cha kuandika kilimtia aibu kuliko msimbo wake. Aliona majadiliano ya wale watu, wepesi na wakavu, akajiona atachekwa. Wazee walisema mficha uchi hazai, na kwa miezi minne kweli hatukuzaa kitu.

Mwisho wa Oktoba nilimketisha tukaandika ujumbe pamoja. Sentensi sita: kifaa gani, kinachofanya kazi, kisichofanya kazi, tulichojaribu, logi (kumbukumbu ya kerneli ilichosema) hii hapa, faili hili hapa. Jibu lilikuja siku iliyofuata. Mhakiki, mjitoleaji anayekagua mabadiliko kabla hayajapokewa, ambaye kwa uandishi wake Kiingereza hakikuwa lugha yake pia, alisema mambo matatu. Kwanza, badiliko ligawanywe vipande vitatu. Pili, bodi hii inafanana na ya tableti nyingine iliyouzwa Ulaya kwa chapa tofauti, ambayo faili lake lilishakamilika. Tatu, kwenye maelezo ya tachi hamkutaja umeme wake unatoka wapi.

Hilo la tatu ndilo lilikuwa jibu. Tachi na kioo vilikuwa vinakula umeme wa njia moja. Kwa kuwa faili letu lilitaja kioo peke yake kama mtumiaji wa njia hiyo, kioo kikilala kerneli iliona hakuna mwingine anayeuhitaji, ikaukata. Tachi ikazimika bila draiva yake kujua, na umeme uliporudi hakuna aliyeipangia upya. Mistari miwili ya kutaja umeme ikamaliza kazi ya miezi minne. Mabadiliko yote ya Dogo kwenye draiva tuliyatupa.

Vioo visivyo vya mama mmoja. Tulifanya majaribio yetu yote kwenye tableti tatu. Desemba tulizipakia zote 26 mfumo mpya. 17 zikaonyesha picha, 9 zikabaki nyeusi tii. Ukiziunga kwa USB zinajibu kama kawaida, ziko hai, kioo tu ndicho giza. Fundi alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai. Akasema, "Si niliwaambia mwezi wa nne? Vioo vya hizi si vya mama mmoja. Waya wa utepe wa hii una namba nyingine."

Ni kweli alisema. Nilikuwepo. Hakuna aliyeandika.

Watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu hununua vioo kwa wauzaji zaidi ya mmoja na kuvifunga ndani ya jina lilelile la bidhaa. Programu ya kuwashia ya kiwandani hutambua kioo kipi kimefungwa, na lk2nd huweza kulisoma jina hilo na kumwambia kerneli achague draiva inayofaa, mradi faili lako limevitaja vioo vyote. Letu lilitaja kimoja. Habari za kioo cha pili zilikuwemo kwenye mti wa kiwandani tangu Machi, mistari kadhaa chini ya ile tuliyoinakili. Kuiongeza draiva ya pili kulichukua siku nne.

Januari. Siku nne hizo hazikutosha kutuokoa, maana kulikuwa na mengine: waifai ilikatika baada ya muda, na tableti kadhaa zilikataa kuamka zikilala usiku kucha. Zikiwa zimebaki siku tano shule zifunguliwe, Mwalimu alitutumia ujumbe mrefu wa sauti, wa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko wa hasira. Tulikutana nyumbani kwake Nyakato. Tukakubaliana kuzirudishia tableti zote Android yao ya zamani kwa nakala za Machi.

Halafu Mwalimu, si mimi wala Dogo, akauliza swali la mtu wa darasani: kwani wanafunzi wanahitaji intaneti, au wanahitaji vitabu? Shule ilikuwa na laptopu kuukuu na ruta isiyo na kazi. Tukaweka kwenye laptopu programu ya Kiwix, inayofungua tovuti zilizohifadhiwa bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vya somo vilivyokuwa vya Mwalimu. Tableti zikaingia kwa waifai ya ruta bila intaneti yoyote. Kwa kuwa laptopu hutoa kurasa hizo wazi, bila kuzifumba kwa usimbaji, suala la vyeti halikujitokeza kabisa; kivinjari cha mwaka 2015 kilizifungua bila kinyongo. Kazi yote ilituchukua alasiri moja.

Mkuu alikuja kuona, akafurahi, akashika tableti moja akafungua ukurasa kuhusu Ziwa Viktoria. Kisha akatuuliza bila ubaya wowote, "Kwa hiyo tangu Machi mlikuwa mnafanya nini?"

## Maamuzi na hoja zake

Kwa nini hatukuweka Firefox tukaishia hapo? Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, na tuliijua njia hiyo tangu mwanzo. Tuliikataa kwa hoja mbili: kerneli ya zamani ingebaki na matundu yake ya usalama, na RAM ya gigabaiti 1.5 ilielemewa na Android pamoja na kivinjari kizito. Hoja ya kwanza naikubali mpaka leo. Ya pili ilikuwa kisingizio. Tulitaka kuhamisha mfumo.

Kwa nini postmarketOS na si LineageOS? LineageOS ni Android huria inayotunzwa na wajitoleaji, na wanafunzi wangeizoea haraka. Lakini kuijenga kwa kifaa kisichojulikana kungehitaji kubeba kerneli ileile ya 3.10 ya kiwandani, ambayo msimbo wake tulinyimwa, na kompyuta yenye nguvu kuliko yoyote tuliyokuwa nayo. Uamuzi huu ulikuwa sahihi.

Nani atie sahihi? Kila badiliko linaloingia kwenye kerneli lina mstari ambao mwandishi anathibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Dogo alitaka kutumia jina lake la utani. Mwisho aliandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Fundi hakuandika msimbo, lakini upo mstari wa kumtaja aliyekijaribu kitu kwenye kifaa halisi, na tukamwekea jina lake hapo kwa ruhusa yake.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa Fundi mwenyewe. Saa moja mezani kwake ni kioo kimoja cha mteja, na kodi ya meza haisubiri. Mara ya tatu nilipomwomba Jumamosi alinijibu, "Mratibu, kujitolea ni kwa aliyeshiba." Sikuwa na jibu. Tulikubaliana hivi: kazi ya mfumo ni Jumapili alasiri tu, si zaidi ya saa tatu, kazi ya kawaida ya ufundi, yaani matundu ya chaji 11 yaliyobadilishwa na usafishaji wa zote, shule ilipe kwa bei ya mezani bila kuombwa punguzo. Mwalimu aliogopa mkuu angekataa. Hakukataa. Ni uamuzi mdogo, na naamini bila huo Fundi angetuacha Juni, na Desemba hakuna ambaye angejua kwa nini vioo ni vyeusi.

## Matokeo

Faili la tableti yetu lilikubaliwa, likiwa na vioo viwili na jina la Fundi. Wakati wa likizo ya Aprili 2025 tulizipakia tena tableti mfumo mpya. Waifai ilitulia tulipoacha kufuta ile sehemu ya kumbukumbu ambamo chipu ya waifai hujisomea programu yake. Desemba tulikuwa tumeisafisha kwa ujuaji. Kulala na kuamka kulitengemaa baada ya kerneli mpya iliyotolewa na mradi, si kwa jitihada zetu.

Kati ya 26, mbili amebaki nazo Dogo kwa majaribio, moja ya kila kioo. 24 ziko shuleni. Hadi Juni moja ilikuwa imevunjwa kioo na mbili zimerudi kwa Fundi kwa tundu la chaji. Kinachofanya kazi: kioo, tachi, waifai, kadi ya kumbukumbu, USB. Asilimia za betri hukisiwa kutokana na volti, hivyo huruka kutoka 40 hadi 10 bila kuaga, na wanafunzi wameshajifunza kutoziamini. Ile laptopu ya Kiwix bado iko darasani na inatumika kila siku kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

## Uchambuzi

Tulikuwa na madeni mawili tukayafanya moja. Kwa mradi wa mfumo huria tulidaiwa kazi safi, isiyo na tarehe. Hakuna aliyekuwa anatusubiri, na mhakiki hakuwahi kutuuliza lini. Kwa shule tulidaiwa vifaa vinavyosomeka Januari. Deni la pili lilikuwa na njia fupi tangu siku ya kwanza, lakini kwa kuwa hatukuitazama shule bila kuutazama mfumo, hatukuiona. Tulimwahidi mkuu jambo ambalo si letu kuahidi: kerneli ni ya watu wengi, vioo ni vya kiwanda, na saa za Fundi ni za Fundi. Kama ningerudi nyuma, Machi ningefanya ile kazi ya alasiri moja, niwape wanafunzi tableti 20, nibakize saba za kuchezea, na nisitaje mwezi wowote.

Kuhusu miezi minne ya kimya, simlaumu Dogo. Mimi ndiye niliyekuwa na uzoefu wa kuandikiana na watu wa mbali, na nilimwacha peke yake nikidhani ninamheshimu. Sentensi zile sita zingeweza kuandikwa Julai. Anayefikiria kujitolea kwenye miradi ya aina hii ajue kwamba wahakiki wamezoea vitu nusu. Wasichopenda ni kitu kilichofungwa, kikubwa, kisichogawanyika, ambacho ndicho hasa mtu mwenye aibu hukitengeneza akiwa mafichoni.

Vioo ni suala la nani anasikilizwa. Fundi alikuwa ameshika kila moja ya tableti 31 mkononi, ameifungua, ameisafisha. Sisi tulikuwa tumesoma faili. Aliposema vioo si vya mama mmoja tulisikia mzaha wa meza. Tangu hapo kuna daftari moja la kaunta, na kila anachokisema kifaa kikiwa wazi kinaandikwa na namba ya tableti, hata kama hatuelewi kinahusu nini. Zoezi la kujaribu nalo limebadilika: hatuanzi na zile tatu za juu ya boksi, tunaokota kutoka kila pembe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni zile nakala za Machi. Zilituwezesha kurudi nyuma jioni moja bila aibu kubwa zaidi ya tuliyokuwa nayo. Bei ya kazi ya Fundi nayo, kwa sababu niliyokwisha taja.

Lipo jambo ambalo bado tunabishana. Mwalimu anasema kazi ya kuhamisha mfumo ilikuwa anasa yetu, na laptopu ya Kiwix ingetosha. Dogo anasema siku laptopu ikifa, tableti zenye mfumo wa sasa zitaingia intaneti popote na zile za zamani hazitaingia, na kwamba tableti za chipu hiyo zimejaa mjini. Wote wana haki, ila Dogo ameshapata tatu nyingine, za chapa tofauti, na safari hii ametuma logi siku ya pili. Fundi, nilipomuuliza kama ile kutajwa jina kulimsaidia, alisema alipiga picha mstari ule akauweka kwenye status ya WhatsApp, hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kwa ajili yake, na bado hajaufuta.

Kamera ndiyo haifanyi kazi mpaka sasa. Dogo anaitafutia dawa. Mwalimu amemwomba asiharakishe. Darasa lenye tableti 24 zisizopiga picha, anasema, ndilo darasa lililotulia kuliko yote aliyowahi kufundisha.